Lukaya 1979: Mgeni Aliyemponza Mwenyeji

Kiasi cha kilomita mia moja kusini-magharibi mwa Kampala, kwenye barabara ya Masaka, vilima vya Buganda vinakwisha na ardhi inageuka kinamasi. Mto Katonga hauingii Ziwa Victoria kwa mkondo mmoja ulionyooka. Unatawanyika, unajificha ndani ya mafunjo, unazaa madimbwi, na katika eneo lote hilo la Lwera gari halina pa kupita ila juu ya tuta la barabara lililoinuliwa kati ya maji na maji. Ng'ambo ya tuta, upande wa Masaka, ndipo ulipo mji mdogo wa Lukaya. Wasafiri wa Masaka, Mbarara, Kigali na Bukoba wanaujua kwa nyama choma, kuku na ndizi za kuchoma zinazopenyezwa kwenye madirisha ya mabasi. Lakini mji huu umekaa mlangoni, na mlango huo ukifungwa nusu ya Uganda inatengana na mji mkuu wake. Mwezi Mei 2023, mafuriko yalipoharibu daraja la Katonga, magari ya kusini-magharibi yalilazimika kuzunguka mbali kupitia Sembabule. Mwishoni mwa 1985, wapiganaji wa Yoweri Museveni walipokamata upande wa pili wa mto huohuo, jeshi la serikali lililoko Kampala lilishindwa kupita kwenda kuwanusuru wenzao waliozingirwa Masaka. Mtu asiye na mashua wala ndege hapo ana njia moja tu, na adui yake anaijua.

Ni katika mlango huo, Machi 10 na 11, 1979, ambapo jeshi la Muammar Gaddafi wa Libya lilijifunza gharama ya kupigana vita vya rafiki. Maofisa wa Tanzania waliopita uwanjani baada ya mapigano walihesabu maiti zaidi ya 400, na karibu 200 kati yao walikuwa Walibya, watu waliozaliwa kwenye nchi ya mchanga wakafia kwenye matope ya Buganda. Lukaya yalikuwa mapigano makubwa kuliko yote ya Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda. Simulizi za Kitanzania huyataja kama ushindi wa mizinga na ujasiri, na hakuna sababu ya kuyanyima sifa hiyo. Hata hivyo, mtu akiyasoma kwa kufuata Walibya badala ya kufuata Watanzania, anakuta jambo ambalo simulizi za ushindi hulipita haraka: msaada wa Libya haukushindwa tu kumwokoa Idi Amin, mtawala wa Uganda. Msaada wenyewe ulimharakishia anguko. Ulimwondolea Rais Nyerere wa Tanzania sababu yake ya mwisho ya kusita, na ukawaondolea askari wa Amin sababu yao ya mwisho ya kupigana.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Tanzania, na Novemba 1 serikali yake ikatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi, sasa ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kwa maneno matatu ambayo kila Mtanzania wa umri fulani anayajua: sababu, nia, uwezo. Jeshi la Wananchi, lililokuwa na watu wapatao 40,000, lilikuzwa hadi kupita 150,000, na karibu 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Januari 1979 wakavuka na kuingia Mutukula. Februari 24 wakaichukua Masaka, na kwa kulipiza kisasi cha yaliyotendwa Kagera, sehemu kubwa ya mji huo ikabomolewa kwa mizinga, jambo ambalo hatuna haja ya kulifunika kwa bendera. Baada ya Masaka, Nyerere alitaka kusimama. Mpango wake ulikuwa kwamba Waganda waliokuwa uhamishoni, wale wa Kikosi Maalum cha David Oyite-Ojok na wa Museveni, waendelee wenyewe hadi Kampala. Aliona picha ya wanajeshi wa kigeni wakitembea katika mji mkuu wa jirani, na hakuipenda. Hesabu hiyo ilikuwa ya kisiasa, na ilikuwa sahihi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umejengwa juu ya ahadi ya kutogusa mipaka wala serikali ya mwenzio, na Amin mwenyewe alikuwa amewahi kukalia kiti cha uenyekiti wake.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Machi Amin alikuwa amepoteza kusini, lakini alikuwa bado na mji mkuu, uwanja wa ndege, kinamasi mbele yake, na adui aliyesita. Hapo ndipo Libya ilipomfaa, au ilipodhani inamfaa. Urafiki huo haukuwa wa jana. Amin alikwenda Tripoli Februari 1972, na muda mfupi baadaye akawafukuza Waisraeli waliokuwa wakilifundisha jeshi lake. Septemba mwaka huohuo, wafuasi wa Milton Obote, ambaye Amin alikuwa amempindua, walipovamia kutoka Tanzania, Gaddafi alituma ndege tano zilizobeba watu 399 na silaha. Sudan ikazishusha Khartoum, lakini mwishowe zikafika Entebbe. Uvamizi ule ulikuwa umekwisha kuvunjika, na Walibya hawakulazimika kupigana. Mafanikio ya bei rahisi ni mwalimu mbaya. Tripoli ilitoka mwaka 1972 ikiamini kwamba Uganda ni nchi ya Kiislamu inayozingirwa, kwamba Amin ni mtu wa kutegemewa, na kwamba ndege chache za askari zinatosha kumweka madarakani. Waislamu wa Uganda walikuwa na ni wachache, na baadhi yao walikuwa wameteswa na utawala huo kama walivyoteswa Wakristo. Lakini nani angempelekea Gaddafi habari hiyo?

Kuanzia katikati ya Februari 1979 ndege zilianza kushuka Entebbe. Makadirio ya jumla ya Walibya waliopelekwa yanaanzia 2,500. Humo mlikuwa na askari wa jeshi la kawaida, mgambo wa umma, na vijana wa jeshi la Afrika nzima ambalo Gaddafi alikuwa akiliunda kwa wahamiaji kutoka nchi za jangwa na savana. Vifaa vyao vilikuwa bora kuliko vya wote waliokuwa wakipigana katika vita ile. Wengi walioangukia mikononi mwa Watanzania baadaye walieleza kwamba hawakuambiwa wanakwenda vitani. Walidhani ni mazoezi, au kazi ya ulinzi katika nchi rafiki. Mateka ana sababu zake za kusema hivyo, na maneno yake yapimwe. Lakini yanalingana na namna walivyopigana, kama tutakavyoona.

Nyerere alipopata habari hizo alibadili uamuzi. Waganda wa uhamishoni walikuwa wachache, hawakuwa na vifaru, na wasingeweza kusimama mbele ya kikosi cha Kilibya chenye roketi na deraya. Kama Kampala ingebaki mikononi mwa Amin ikilindwa na Libya, Tanzania ingekuwa imejipatia mpaka wa kudumu na Gaddafi. Jeshi la Wananchi likaamriwa kuendelea. Hili ndilo jambo la kwanza kuliweka mezani: kabla risasi moja ya Libya haijampata Mtanzania, kufika kwao tu kulikuwa kumeufuta mpango wa kusimama Masaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu aliukuta ugonjwa umesimama mlangoni ukisitasita, akaufungulia mlango.

Brigedi ya 201, chini ya Brigedia Imran Kombe, ilipewa kazi ya kulivuka tuta. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ilitumwa kuzunguka kinamasi upande wa magharibi, endapo tuta lingefungwa au kulipuliwa. Asubuhi ya Machi 10 watu wa Kombe wakaingia Lukaya, wakakaa kungoja kuvuka kesho yake. Wengi wao walikuwa mgambo ambao hawajawahi kusikia mlio wa vita. Kutoka upande wa Kampala ulikuwa unakuja msafara wa Waganda pamoja na Walibya wapatao 1,000, wakiwa na vifaru 15 vya T-55, magari ya deraya zaidi ya dazeni, na mitambo kumi na miwili ya kurushia roketi. Amri yao ilikuwa kuirudisha Masaka kwa saa tatu. Walipowaona Watanzania wakafyatua. Roketi zikapita juu ya vichwa na kuangukia mbali, lakini mvumo wake peke yake ulitosha. Safu ya 201 ikavunjika. Wengi wakakimbia, waliosalia wakaona vifaru vinakuja nao wakarudi nyuma kwenye kinamasi na barabara ya Masaka. Kwa muda wa jioni ile, vita vyote vya Kagera vilikuwa vimepinduka. Kati ya Lukaya na Masaka hakukuwa na kizuizi cha maana, na njia ya kilomita thelathini na kitu ilikuwa wazi.

Waganda na Walibya wakasimama. Hawakuifuata Masaka, hawakuwafukuza waliokimbia, hawakutawanya doria kujua nini kiko magharibi yao. Walikaa Lukaya na vifaru vyao barabarani. Wachambuzi wa kijeshi wameliona kosa hili na kulieleza kwa uzembe wa makamanda, na uzembe ulikuwepo. Ila uzembe una mizizi. Kamanda anayeendelea gizani baada ya ushindi wa ghafla anahitaji vitu viwili: kuijua nchi iliyo mbele yake, na kumwamini aliye nyuma yake. Walibya hawakuwa na cha kwanza. Hawakujua migomba ile inaficha nini, wala hawakuweza kumuuliza mwanakijiji, kwa sababu hawakuwa na lugha ya pamoja naye. Juu ya hayo, wanakijiji wa Buganda baada ya miaka minane ya Amin hawakuwa na hamu ya kumwelekeza mtu yeyote aliyekuja kumtetea. Na cha pili, imani kwa aliye nyuma, kilikuwa kinayeyuka. Wakati huohuo, kutoka magharibi, kilomita sitini hivi, Brigedi ya 208 ilikuwa imepokea amri ya kugeuka na kutembea usiku kucha ili iwatangulie kwenye barabara ya Kampala.

Alfajiri ya Machi 11 kikosi cha mbele cha Marwa kilikuwa kimeifikia barabara nyuma ya Lukaya. Kombe alikuwa amewakusanya upya watu wake, na sasa wale waliokimbia jana walishambulia kutoka mbele huku wenzao wakifunga nyuma, na Waganda wa uhamishoni wakiwa pamoja nao. Mizinga ya Tanzania ililenga vizuri siku hiyo, na kwenye barabara moja iliyobanwa na maji, jeshi la magari halina pa kwenda. Kifaru kikiondoka juu ya tuta kinazama, kikibaki kinalengwa. Silaha zilizowapa Walibya ubora jioni iliyopita ndizo zilizowafunga asubuhi. Kabla siku haijaisha msafara ulikuwa umevunjika, waliopona wanakimbilia Kampala, na waliokufa wamelala barabarani na katika mafunjo.

Msomaji makini atauliza kama hapa hakuna maelezo mepesi zaidi. Walibya walikuwa mgambo wasiofundishwa vizuri, wamewekwa kwenye mazingira wasiyoyajua, wakapigwa. Kwa nini tuzungumzie rafiki na mwenyeji? Jibu liko upande wa pili wa uwanja uleule. Brigedi ya 201 nayo ilikuwa na mgambo wengi, nao walivunjika vibaya kuliko Walibya. Walikimbia roketi ambazo hata hazikuwapiga. Kama uchanga ndio unaoamua, basi Lukaya ingebaki mikononi mwa Amin. Tofauti ilionekana usiku. Mgambo wa Tanzania alipokimbia, alikimbilia barabara inayokwenda Masaka, Mutukula, Bukoba, nyumbani. Njiani alikutana na maofisa wanaozungumza lugha yake, mizinga ya jeshi lake, na vita ambavyo alijua vimeanzia kwenye ardhi ya nchi yake. Angeweza kuvunjika na kurudi, na akarudi. Mlibya alipovunjika asubuhi, nyuma yake palikuwa na jeshi la mtu mwingine, mji wa mtu mwingine, na ndege iliyo mbali. Uchanga wa askari ulikuwa sawa. Kilichotofautiana ni mahali pa kurudia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipitia juujuu. Nusu ya maiti za Lukaya hazikuwa za Walibya. Waganda walikufa hapo kwa mamia, na miongoni mwao Luteni Kanali Godwin Sule, mmoja wa makamanda hodari waliobaki katika jeshi la Amin, ambaye kifo chake kiliiacha safu bila kichwa. Itakuwa uongo, basi, kusema wenyeji waliwaacha wageni wafe peke yao. Pale Lukaya hawakuwaacha. Lakini angalia kilichofuata. Lukaya ndipo mahali pa mwisho ambapo jeshi la Amin lilipigana kama jeshi kwenye njia ya Kampala. Watu wa aina ya Sule walikuwa wachache, na walipokufa, waliosalia wakaangalia hesabu upya. Kama Walibya wenye vifaru wameshindwa, sisi tutaweza nini? Na kama Walibya wapo, kwa nini tusiwaachie? Mawazo hayo mawili yanapingana, lakini yote mawili yanamfikisha askari mahali pamoja, nyuma ya usukani wa lori linaloelekea kaskazini. Maelezo ya vita hivyo yanakubaliana kwamba katika wiki zilizofuata Walibya walijikuta wamebaki mstari wa mbele, huku vikosi vya Uganda vikitumia malori ya ugavi kusafirishia mali zilizoporwa kuelekea upande mwingine. Mgeni alikuwa amegeuka kuwa ukuta wa kumfichia mwenyeji anapofungasha.

Hapa kuna jambo ambalo nadharia za ushirika wa kijeshi hazilipendi. Tunadhani msaada wa nje humtia nguvu anayesaidiwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini hilo hutegemea kama anayesaidiwa bado anataka kitu kile ambacho msaada umekuja kukilinda. Amin alitaka kubaki Ikulu. Askari wake, wengi wao waliotoka Nile Magharibi au Sudan, walitaka kutoka Buganda wakiwa hai na wakiwa na kitu mkononi. Gaddafi aliwapelekea askari hao silaha, na silaha hazijibu swali la kwa nini mtu afe kwa ajili ya Masaka. Zilijibu swali jingine: nani atazuia barabara wakati sisi tunaondoka.

Mwishoni mwa Machi Gaddafi alimpelekea Nyerere onyo kupitia balozi wake: ondokeni Uganda, la sivyo Libya itaingia. Onyo lilichekesha kidogo, kwa sababu Libya ilikuwa imekwisha kuingia na kuzika. Machi 29 ndege ya kivita aina ya Tu-22 ikaruka kwenda kuipiga Mwanza. Ilikosa mji mzima, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala kadhaa. Kisha ikafika Aprili 7, siku ya Entebbe, ambayo kwa Walibya ilikuwa mbaya kuliko Lukaya. Brigedi ya 208, ileile ya Marwa, iliingia uwanja wa ndege wakati Walibya wanajaribu kuondoka. Ndege ya mizigo iliyojaa watu ikapigwa kombora ikiwa kwenye njia ya kurukia. Zaidi ya Walibya 300 walikufa Entebbe na kwenye barabara ya kwenda Kampala. Amin mwenyewe alikuwa amekwisha kuihama Entebbe. Ukijumlisha vita nzima, Libya ilipoteza watu wapatao 600. Tanzania, iliyopigana kwa miezi mingi zaidi na kwenye eneo kubwa zaidi, ilitangaza kupoteza askari 373, na waliouawa katika mapigano yenyewe walikuwa 96 tu; wengine walikufa kwa ajali na maradhi. Uwiano huo hauelezeki kwa mizinga pekee.

Aliyeonekana kuelewa hali ya Walibya kuliko kiongozi wao alikuwa adui yao. Majeshi ya Tanzania yalipoizunguka Kampala, Nyerere aliamuru barabara ya mashariki, inayokwenda Jinja, iachwe wazi makusudi. Alimjulisha Gaddafi kwamba watu wake wanaweza kupita na kusafirishwa bila kuguswa. Alikuwa na sababu za kidiplomasia: hakutaka vita vya Kagera vigeuke kuwa vita vya Waafrika na Waarabu, wala hakutaka nchi nyingine za Kiarabu zijione zina wajibu wa kulipiza. Lakini amri ile ilisimama pia juu ya hukumu ya kijeshi, kwamba Walibya hawa hawana tena wanachokilinda, na askari wa namna hiyo ukimwachia mlango atapita. Wakapita, wengi wao, kupitia Kenya na Ethiopia. Kampala ikaanguka Aprili 11. Mateka wa Kilibya 59 walishikiliwa kwa miezi kadhaa kisha wakaachiliwa.

Bado yupo atakayesema kwamba Amin angeanguka tu, Walibya wawepo wasiwepo. Huenda. Jeshi lake lilikuwa limeoza kabla ya Masaka, na uchumi wake ulikuwa umekufa tangu alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Lakini kuanguka tu si sawa na kuanguka Aprili 1979 mikononi mwa brigedi tatu za kigeni. Kama Nyerere angesimama Masaka, Amin angekabiliwa na wahamishwa wachache, angepata miezi ya kuzungumza Addis Ababa na Nairobi, na huenda mmoja wa maofisa wake angempindua, kama Amin mwenyewe alivyompindua Obote. Huenda, huenda. Historia ya yasiyotokea haina ushahidi, na sitadai zaidi ya kile nyaraka za uamuzi zinachoonyesha: Tanzania ilikuwa na mpango wa kusimama, na Libya ndiyo iliyoubadilisha.

Na Watanzania je? Nao walikuwa wageni Lukaya. Julai 1979, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya watu na kuiondoa serikali yake. Lawama hiyo ina uzito, na wanaoipuuza wanapaswa kukumbuka kwamba jeshi lile lilikaa Uganda hadi 1981, likaona serikali zilizomfuata Amin, za Lule na Binaisa, zikiondolewa mbele ya macho yake, na kwamba wakombozi walioshangiliwa Kampala siku ya kwanza hawakushangiliwa vivyo hivyo mwaka wa pili. Tofauti iliyopo kati ya wageni wawili wa Lukaya haiko katika usafi wa mmoja. Mtanzania alikuwa anapigana vita vyake mwenyewe katika nchi ya mwenzie. Alikuwa na waathirika wake wa Kagera, na alipofika kijijini mwenyeji alimwonyesha njia. Alipomaliza vita vyake na kubaki kulinda vya wengine, matatizo yakaanza. Kwa maneno mengine, baada ya 1979 Tanzania yenyewe ilianza kuionja hali ya Walibya, ingawa kwa kipimo kidogo na bila Lukaya yake.

Tripoli haikuisoma Lukaya hivyo. Desemba 1980, mwaka mmoja na miezi tisa baadaye, vifaru vya Libya viliingia N'Djamena, mji mkuu wa Chad, kumsaidia Goukouni Oueddei dhidi ya Hissène Habré. Mwaka 1981 vikaondoka, 1983 vikarudi kaskazini, na safari hii Gaddafi hakutuma mgambo wa kubahatisha. Alituma maelfu ya wanajeshi, akajenga kambi ya anga Ouadi Doum. Uchanga na uchache wa silaha, maelezo yale mepesi ya Lukaya, vilikuwa vimerekebishwa. Mwaka 1986 Goukouni aligombana na Tripoli, na wapiganaji wake, ambao ndio waliokuwa sababu ya Walibya kuwapo Chad, wakahamia kwa Habré. Kuanzia siku ile jeshi la Libya lilikuwa linalinda upande ambao haupo. Januari 2, 1987 likapigwa Fada. Machi 22 Ouadi Doum ikaanguka, Walibya zaidi ya 1,200 wakafa kwenye kambi waliyoijenga wenyewe, na kamanda wao, Khalifa Haftar, akachukuliwa mateka.